Kichwa Majini, Miguu Kwenye Mafuta

Kibondo, 2 Machi 2013

Kuku wangu wamechukuliwa na chuo kikuu! Kuku ishirini na wawili wa Pelagia, hawa hawa wanaochakura nyuma ya jiko, mayai yao yanaingia maabara!

Mwakeye, mwanangu Elieth. Nisamehe nimeanza kupiga kelele kabla ya salamu, lakini ningeanza na salamu ningepasuka. Rabia, yule nesi wa Tanga niliyempangisha chumba cha uani, alinisomea ujumbe wako kwenye simu yake mara tatu. Mara ya nne nikamwambia ausome nje, kwa sauti, maana mke wa kaka yako Isack alikuwa anapita na ndoo.

Kwa hiyo unataka trei moja kila mwezi, ya kuku wale wale, wanaokula chakula kile kile. Utapata. Wanakula mahindi na mashudu ya mawese, na maji yao nayachota mwenyewe. Nimewatangazia kanisani kwamba wewe, pamoja na kufundisha hapo Kasulu, unasomea shahada ya pili ya sayansi, na kwamba kuku wangu nao sasa wamo. Mwinjilisti akauliza, "Mama Elieth, hao kuku wanasomea nini?" Watu wakacheka. Nikashindwa kumjibu, na mimi sipendi kushindwa kujibu.

Sasa niandikie wanasomea nini. Niandikie kama unavyomwandikia mtu wa darasa la nne, lakini usinidharau. Simu inakata maneno, na simu haibebi mayai. Barua nitaiweka juu ya trei, konda wa basi atakupa. Nimepanga kwa pumba, ukikuta limevunjika usimlaumu konda, ilaumu barabara.

Mwekundu mwenye kishungi ndiye ametoa mayai manane kati ya hayo. Huyo ndiye profesa.

Mama yako,
Pelagia


Kasulu, 16 Machi 2013

Mama, shikamoo.

Mayai ishirini na nane yamefika mazima. Asante sana, na umsalimie profesa.

Jibu la mwinjilisti ni hili. Maji na mafuta hayachanganyiki, umeona mwenyewe kwenye chungu. Mimi natumia maji ya chumvi na, badala ya mafuta, kimiminika kingine kizito kinachokaa chini ya maji. Kati yao kuna mpaka. Kwenye kiini cha yai kuna aina ya mafuta ambayo chembe yake moja ina kichwa kinachopenda maji na miguu miwili inayoyakimbia. Basi chembe hiyo haina raha juu wala chini. Inakwenda kusimama mpakani, kichwa majini, miguu kwenye mafuta, na wenzake wanajipanga ubavuni mwake mpaka wanajaa.

Mimi naupa mpaka huo umeme, kidogo sana, hauwezi kuwasha hata balbu. Upande wa maji ukiwa hasi, chembe zinajipanga na kushikamana. Nikiusogeza kuelekea chanya, inafika mahali zinaachia. Nataka kujua zinaachia wapi, na kwa nini. Mwili wako na wangu umejaa mipaka ya namna hii, mafuta yakitenganisha maji na maji, na umeme mdogo ukipita. Ndiyo maana watu wazima wanakaa kuhesabu matone.

Ndiyo, matone. Kile kimiminika kizito nakidondosha ndani ya maji kwa mrija mwembamba wa kioo. Mpaka ukiwa mtupu, tone linang'ang'ania mrija, linakuwa kubwa ndipo lianguke; nahesabu matone themanini na manne kichupa kikijaa hadi alama. Mpaka ukijaa chembe za mayai yako, tone linaachia mapema likiwa dogo, nahesabu mia na ishirini. Anayehesabu nami ni Mzee Tamimu, mhudumu wa maabara yetu ya shule. Ana miaka hamsini na sita na haruki tone. Vioo anaviosha mpaka ninaona aibu kuvishika.

Mama, jambo moja kubwa. Kazi yote imesimama juu ya kuku wale wale. Siku mayai yakitoka kwa kuku wengine, niambie tu. Nitayapima peke yake na hakuna kitakachoharibika. Ila niambie.

Mwanao,
Elieth


Kibondo, 6 Julai 2013

Mwalimu wangu Elieth,

Mwakeye! Nimemjibu mwinjilisti mbele ya kanisa zima. Nilisimama wakati wa matangazo nikasema, "Kichwa majini, miguu kwenye mafuta!" Nikawaeleza kwamba chembe hiyo ni kama mimi kwenye mlango wa mke wa Isack: kichwa ndani kuona kinachopikwa, miguu nje ili nisiambiwe nimeingia. Na umeme je? Umeme ni Isack akitokea. Akija amenuna, naachia mlango. Hata mwinjilisti alijishika tumbo. Mke wa Isack hakucheka sana.

Siku hizi hawaniiti Mama Elieth. Wananiita Mama Maabara. Wale shangazi zako waliosema baba yako anapoteza shamba kwa kumsomesha binti, mmoja alikuja juzi kuomba kifaranga wa Mwekundu. Nikampa. Nilimpa nikiwa nimekaa kwenye kiti na yeye amesimama.

Mwanangu, kitabu chako kikiisha, jina langu litakuwamo? Sio kubwa. Hata chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Na usiache kuniandikia kila trei inapofika. Barua zako nazisoma mwenyewe, simpi Rabia.

Mama Maabara


Kibondo, 7 Septemba 2013

Mwanangu,

Trei ni hii, na salamu. Sisi wazima. Upepo mwingi na vumbi.

Nilitaka kuuliza, si kwa ubaya. Yai si yai? Kichwa cha chembe ya yai hili na cha yai lile vinaweza kutofautiana, kama vyote vimetoka Kibondo hii hii?

Usihangaike kujibu, najua una kazi nyingi. Likizo ya Desemba usisumbuke kuja, barabara mbaya.

Mama


Kasulu, 30 Novemba 2013

Mama, shikamoo.

Swali lako la Septemba lilinifurahisha, ni swali la mwanafunzi mzuri. Ndiyo, vinaweza kutofautiana, miguu hasa, kutokana na chakula cha kuku. Ndiyo maana nashukuru nina kuku wako.

Barua hii haitakuwa na furaha. Kuanzia Septemba hesabu zangu zimeingia wazimu. Miezi sita nilipata mia na kumi na tisa, mia na ishirini, mia na ishirini na moja. Sasa ni mia na thelathini na tatu, mwezi unaofuata mia na tisa. Mahali pa kuachia panahama kama hema. Nimebadilisha betri, nimebadilisha mrija, nimelala na daftari kifuani.

Jina lako nimeshaliandika, ukurasa wa mwanzo: "Kwa Mama Pelagia, aliyenipa mayai ya kuku wake." Lakini msimamizi wangu wa chuo kikuu amesoma hesabu akaandika sentensi moja: ama vioo vyako vina uchafu, ama hesabu hizi umeketi ukazitunga. Ananipa muda, kisha atalifunga jalada langu.

Mayai ni yale yale. Umeme ni ule ule. Kimebaki kimoja, anayeosha vioo. Mafuta kidogo tu ya kidole yakibaki kwenye mrija yanakwenda kusimama mpakani pamoja na yangu. Nilimuuliza Mzee Tamimu, akasema, "Mwalimu, mimi naosha kama siku zote." Sikumwamini. Ninaogopa kumwandikia mkuu wa shule barua ya kumlalamikia, maana mzee ameipenda ile maabara kuliko sisi tuliosoma. Nifanye nini?

Elieth


Kibondo, 14 Desemba 2013

Mwanangu mpenzi,

Mwondoe. Mtu akishazoea kazi anaanza kuilipua ovyo, hata huku tunawajua. Usimwonee huruma mzee wa watu akakuzamisha wewe. Andika hiyo barua.

Kuku wazima kabisa. Mwekundu juzi amegombana na jogoo wa jirani, amemtoa manyoya, ungekuwepo ungecheka. Trei nimeipanga vizuri zaidi, pumba mara mbili.

Na usikate tamaa. Mtoto wangu hatungi hesabu. Hilo nitalisema popote.

Mama yako


Kasulu, 10 Mei 2014

Mama yangu Pelagia, shikamoo mama.

Natumai hujambo na wote nyumbani hawajambo. Mimi kwa rehema za Mungu nimefika kituo changu kipya hapa Kasulu, nimepata chumba karibu na hospitali, wenyeji ni watu wema ila hakuna anayenipikia ndizi kama wewe.

Mama, naandika kwa unyenyekevu. Nimekutana na dada Elieth sokoni. Kwa furaha nikamkumbatia, nikamwambia pole sana na kuku wa mama walivyokwisha wote kwa mdondo mwaka jana Agosti, na kwamba nakusifu jinsi ulivyojikaza ukawa unakusanya mayai kwa majirani, akina Rosa. Wallahi nilidhani anajua. Wewe mwenyewe ulituambia sote uani kwamba umeshamwandikia na amekubali.

Akaniuliza, "Wote?" Nikasema wote, hata yule mwekundu, nilisaidia kuchimba shimo. Akaweka kikapu chini akaondoka, kikapu akakiacha pale pale. Nimekirudisha kwake, hakufungua mlango.

Kama nimekosa, nisamehe mama.

Wako mtiifu,
Rabia


Kasulu, 12 Mei 2014

Mama,

Mwekundu alikufa Agosti. Desemba uliniandikia kwamba amegombana na jogoo. Alikuwa ardhini miezi minne, na wewe ulikaa ukamtafutia ugomvi.

Ningeweza kuuelewa woga wa Septemba. Desemba siielewi. Nilikueleza kilichobaki ni kimoja, anayeosha vioo, na wewe peke yako duniani ulijua kwamba kimebaki kingine. Nikakuuliza nifanye nini. Ukaandika, "Mwondoe." Neno moja, mwanzo wa mstari.

Nilimwondoa, na hesabu hazikutulia. Mkuu alisoma barua yangu mbele ya walimu wote, ofisini kwao, Mzee Tamimu akiwa amesimama na koti lake la maabara. Tangu Januari anapasua kuni jikoni mwa shule. Nikipita ananiamkia, "Habari za kazi, mwalimu," na mimi najibu nzuri.

Jalada langu limefungwa tangu Machi. Sikukwambia ili usiumie. Nilikuwa nakulinda wewe.

Jina lako nimelifuta.

Usitume mayai.

Elieth


Kibondo, 24 Mei 2014

Elieth,

Barua yako haina shikamoo. Nimeigeuza nyuma nikidhani umeiandika huko.

Huyo Rabia nimemlea kama mwanangu, amekunywa uji kwenye kikombe cha baba yako, leo ananimwaga sokoni kama maji machafu! Mtu akila kwako miaka miwili anajua la kusema na la kumeza. Na wewe, kwa neno la mpita njia, unamfuta mama yako kwenye karatasi? Nimekubeba Kibondo hadi Kasulu mgongoni ukiwa na surua. Mayai ni mayai. Nilinunua kwa watu safi. Hukulala njaa, hukukosa trei hata mwezi mmoja. Mama gani mwingine angefanya hivyo?

Nasubiri unijibu kama mtu na mama yake.

Pelagia


Kibondo, 30 Agosti 2014

Mwanangu,

Miezi mitatu hujajibu. Konda ananikwepa siku hizi, anajua nitamuuliza.

Ile barua ya Mei niliiandika kwa hasira, nikaituma kabla haijapoa. Hii nimeiandika mara nne.

Walikufa ndani ya siku tano. Wa kwanza alikuwa jogoo, shingo ikageuka nyuma. Mwekundu alikuwa wa mwisho. Nilikaa bandani nikamwambia wewe ni profesa, huwezi. Akaweza. Nikachukua karatasi nikuandikie. Nikaandika tarehe. Halafu nikafikiri: atatafuta kuku wengine huko huko Kasulu, kuna wanawake wengi na kuku wengi. Kabla ya mayai uliniandikia mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Krismasi, mistari sita. Baada ya mayai nilikuwa na barua kila mwezi, zenye vichwa na miguu na umeme, ukiniandikia kama mtu unayefanya naye kazi. Sikuogopa kukosa sifa ya kanisani, ingawa na hiyo naipenda, unanijua. Niliogopa barua zitakwisha.

Ulikuwa umeniambia, "Ila niambie." Nilikuwa nayo barua hiyo mkononi. Siwezi kusema sikujua.

Na yule mzee. Ulipouliza, nilijua. Niliandika lile neno haraka ili mkono usipate nafasi. Sikumfahamu uso, ndiyo maana ilikuwa rahisi. Sasa namfahamu, kila nikisikia mtu anapasua kuni.

Sikuombi kitu. Nakupa kile ambacho ningekupa mwanzo. Nimekwenda nyumba kwa nyumba kuuliza, na hii ni kweli, hata kama haina faida tena:

Septemba na Desemba 2013 ni kwa Rosa. Kuku wake wanakula vumbi la dagaa, ukifika unalinusa kabla ya banda.

Oktoba, Januari na Machi ni kwa mke wa Reverien, karibu na mashine ya kusaga. Hao ni pumba za mahindi tupu.

Novemba na Februari ni kwa Apoline, Mkongomani anayeuza vitenge. Nilimuuliza anawalisha nini, akasema, "Mama, miye nawapa biriyobakia ku sahani." Makombo tu, ya kila namna. Aprili sikumbuki. Nimejaribu sana. Aprili iache.

Wote hawa niliwadanganya kwamba wewe unajua.

Mama yako, kama bado ni neno,
Pelagia


Kasulu, 17 Januari 2015

Mama, shikamoo.

Sijakusamehe. Nimekuamkia kwa sababu wewe ni mama yangu, na kwa sababu nilipoacha kukuamkia nilijisikia vibaya kuliko nilivyotaka wewe ujisikie.

Orodha yako niliiweka sandukuni hadi Novemba. Nilikuwa sikuamini hata tarehe. Siku moja nikafungua daftari, nikaweka hesabu zangu upande wa kushoto na majina yako upande wa kulia. Septemba na Desemba: mia na thelathini na tatu, mia na thelathini na mbili. Rosa. Miezi ya mke wa Reverien yote iko kati ya mia na tisa na mia na kumi na moja. Ya Apoline inayumba, kama sahani zake. Aprili niliiacha, ulivyosema.

Nikakaa chini sakafuni. Hesabu hazikuwa na wazimu hata siku moja. Mzee Tamimu hakuruka tone wala hakuacha kidole kwenye kioo. Katika sisi watatu, mimi, wewe na yeye, ni yeye tu aliyekuwa anasema kweli, na ni yeye tu aliyeadhibiwa.

Nilimpelekea msimamizi daftari, orodha yako, na barua yako pia. Samahani kwa hilo, lakini nilichoka kuficha. Amekubali kulifungua jalada kwa sharti: nirudie yote, kila nyumba peke yake, wenye kuku waseme mbele ya mashahidi wanawalisha nini, na trei zitiwe alama na wenyewe. Ni mwaka mzima mwingine. Miguu ya chembe inategemea chakula cha kuku, na mahali pa kuachia mpaka panategemea miguu. Hilo ndilo swali lenyewe sasa. Usifikiri nimekushukuru. Ungeniambia Agosti ile, ningekuwa nimeshalimaliza.

Nilikwenda jikoni kwa Mzee Tamimu. Nilipiga magoti kwenye vigogo. Akaninyanyua, akasema, "Mwalimu, wewe ulikosea, hukujua. Kwako sina neno. Lakini nilivuliwa koti mbele za watu. Aliyejua na aseme mbele za watu. Nitakwenda alipo, hata Kibondo, nauli yangu ninayo."

Nimekufikishia kama alivyosema. Mkuu amesema akisikia hivyo kwa ushahidi, koti litarudi.

Elieth


Kibondo, 21 Februari 2015

Elieth mwanangu,

Anakuja! Mzee Tamimu anakuja kwangu! Nilisoma mstari huo nikakimbia uani kama mwenye harusi. Ndipo nikakumbuka anakuja kusikia nini.

Mwakeye. Shikamoo yako nimeipokea, na lile la kwamba hujanisamehe nimelipokea pia, nimeviweka mahali pamoja.

Usiombe radhi kwa kumwonyesha msimamizi barua yangu. Nilitaka jina langu liingie chuo kikuu, limeingia.

Nimeshakwenda kwa Rosa na kwa mke wa Reverien na kwa Apoline, nikawaambia, "Yule binti hakujua. Niliwadanganya." Rosa akasema, "Mama Maabara, kumbe sisi ndio tulikuwa maabara?" Akafunga mlango, nikadhani basi. Kesho yake alinipitia kisimani akaniuliza siku gani. Apoline alicheka mpaka akakaa. Mke wa Isack nilimwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Nilisimama ndani, mzima mzima. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Nilimwandikia na Rabia. Nilimwambia kikombe cha baba yako Felician bado kiko kwenye msumari wake.

Banda langu sikuwahi kulifungua tangu siku ile. Nililifunika kwa gunia ili mtu akiangalia kutoka njiani asijue. Jana nimeondoa gunia. Ni tupu, mwanangu, na nitaliacha hivyo hivyo, mlango wazi, watu walione kwanza ndipo wanisikilize. Mwinjilisti ameniuliza nataka aseme neno la kufungua. Nimemwambia hapana, matangazo haya nayatoa mwenyewe, kama nilivyoyatoa yale mengine. Nitasema Agosti. Nitasema Septemba. Nitasema neno nililoandika Desemba, hilo moja, nikimtazama yeye usoni. Halafu nitakaa chini na sitachekesha mtu.

Wewe uje na mrija wako na kichupa. Kila mwanamke atakuja na trei yake na kuku wake mkononi, aseme anamlisha nini, atie alama. Kisha Mzee Tamimu ahesabu matone kwa sauti mbele ya wote, avae koti kama mkuu ataliruhusu, asipoliruhusu ahesabu bila koti. Nataka watu wa hapa wamsikie asivyoruka.

Kiti chako nitakiweka upande wa Mzee Tamimu, sio upande wangu. Usiponiamkia mbele ya watu, nitaelewa.

Basi mwambie yeye, mwambie na Rabia, na mkuu akiweza. Rosa anakuja, mke wa Reverien anakuja, Apoline anakuja, Isack na mkewe, mwinjilisti, na shangazi zako wote wawili, hao hawakualikwa lakini wanakuja. Ni Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, hapa nyumbani.

Mama yako,
Pelagia